Minazi Ina Mwenyewe

Diani, Ijumaa, baada ya swala ya Alasiri

Mwanangu Mwanatumu,

Assalamu alaikum. Najua utacheka. Mama gani huyu anayemwandikia barua binti anayelala chumba cha pili? Lakini sasa hivi umekwenda Msambweni kumuaga bibi yako mzaa baba, nyumba imenyamaza, nami nimekaa kwenye meza ya jikoni na daftari. Uso kwa uso maneno haya yamenishinda miaka sita. Nikikutazama tu nageukia mambo ya chai na nguo.

Basi mambo ya chai na nguo tuyaache. Una miaka ishirini na sita, umepata kazi ya maabara Kitengela, na koti la baridi umelinunua mwenyewe. Mie nataka kukujibu neno ulilonitupia jana tulipokuwa tunakuna nazi. Ulisema, "Mama, ni minazi mitatu tu. Waache waikate, wewe uje unisindikize stendi." Ulisema kwa upole, wala sikukasirika. Nilinyamaza, ukadhani nimekubali. Sikukubali, mwanangu. Kesho saa tatu, basi lako likitoka Ukunda, mimi nitakuwa kwenye mkutano wa wakaazi wa mtaa huu, nimesimama, nasema. Stendi siji. Nakuandikia ujue kwa nini, na ukishajua, kama ni kunikasirikia unikasirikie kwa kosa langu la kweli.

Habari hii unaijua nusu. Unajua kwamba mtaa huu, na ukuta wake na geti lake la umeme na nyumba zake ishirini na nane, ulikuwa shamba la babu yako. Pale wanapoegesha magari mimi nilikuwa nikifunga mbuzi. Babu alipofariki, shamba likabaki letu sisi wawili, mimi na mjomba wako Salimu. Mjenzi akaja na maneno matamu: tumpe ardhi, yeye ajenge, Salimu apewe fedha zake na mimi nipewe nyumba humu humu ndani. Baba yako alikuwa ameshatangulia mbele ya haki, wewe ndiyo kwanza unaingia sekondari, na mimi nilikuwa nimechoka kuishi chumba cha kupanga Ukunda. Nilisema ndiyo kabla yule bwana hajamaliza chai yake.

Mjomba wako naye alikubali, ila kwa sharti moja. "Udongo nauza," alisema. "Minazi siuzi." Minazi yenyewe ilikuwa kumi na mitano, ameipanda kwa mikono yake tangu ujana wake, babu akiwa hai. Na kwetu sisi Wadigo, tangu hapo kale, mnazi na ardhi ni vitu viwili. Mtu anaweza kuwa na mnazi wake ndani ya shamba la mwenziwe, akaja akaangua nazi zake, akaenda zake, na mwenye shamba asiseme neno. Hata shamba likiuzwa, mwenye mnazi hubaki na mnazi wake. Mjenzi akacheka, akasema, "Hakuna shida, mzee, minazi ni yako." Wakapeana mikono.

Mkataba ulikuwa mrefu, na neno mnazi halikuwamo. Mimi nililiona hilo. Nilikuwa nimefanya kazi hotelini miaka ishirini na mbili, nimeanza kwa kutandika vitanda nikaishia msimamizi wa vyumba vyote, na karatasi za mabosi nilizijua. Nilijua kwamba kisichoandikwa, kwa watu wale, hakipo. Sikusema, kwa sababu niliogopa mjenzi asije akaghairi na nyumba yangu ikapotea. Kaka yangu akatia sahihi kwa kuniamini mimi, dada mtu aliyesoma. Hilo ni kosa la kwanza, wala si hilo kubwa.

Sasa nisiusingizie mtaa. Wewe hupenda kusema chama chetu cha wakaazi ni kundi la watu wasio na kazi za kufanya. Haya, lakini maji yake umeyaoga. Mabomba yalipokauka Diani nzima na wenzetu wa nje wakisukuma mikokoteni ya madumu juani, sisi tulikuwa na kisima cha pamoja na pampu yake. Takataka zinachukuliwa. Taa za njiani zinawaka. Mjane na binti yake tulilala bila kusukuma kabati mlangoni, kama tulivyokuwa tukifanya Ukunda. Na siku ile pumu ilipokubana, mimi natafuta simu siioni, mama wa nyumba nambari tisa alileta gari kabla sijavaa buibui, kwa kuwa askari wa geti alikuwa na orodha ya wenye magari waliokubali kuamshwa. Orodha hiyo ni ya chama. Pumzi zako za siku ile nawashukuru wao, na nitawashukuru hadi kufa.

Basi niliupenda utaratibu ule. Waliponiomba niwe katibu, niliona nimefika. Nusu ya kanuni za mtaa huu nimeziandika mimi. Nguo zisianikwe mbele ya nyumba. Jiko la makaa lisiwashwe barazani. Kuku marufuku. Kuku! Mimi, niliyelelewa na kuku wakitaga uvunguni mwa kitanda changu, nikapiga marufuku kuku! Leso zangu nikawa nazianika bafuni kama vitu vya wizi. Hakuna aliyenilazimisha, mwanangu. Niliona wenzangu wametoka Nairobi na Ulaya, na mimi ndiye mtoto wa shamba, basi nikataka kuwa msafi kuwashinda wote.

Mjomba wako alikuwa akija kila miezi mitatu na mkwezi wake. Wewe ulikuwa unamkimbilia getini. Alikuwa akiwagawia watoto madafu, na hata wale wakaazi wa kwanza walimpenda. Lakini nyumba ziliuzwa na kuuzwa tena, wakaja watu wasiomjua, wakamwona ni kibarua fulani mwenye panga. Mimi sikuwaambia kwamba yule ni kaka yangu, tumbo moja. Walipokuwa wakiniuliza nilisema, "Ni mtu wa nazi."

Kisha nikaandika kanuni nyingine: kibarua yeyote aandikishwe kwa kamati siku moja kabla ya kuja. Mkwezi wa mjomba wako alikuja bila kuandikishwa, akarudishwa getini. Wiki mbili baadaye, nazi zilizokomaa bila kuanguliwa zikaanza kushuka zenyewe, na moja ikapasua kioo cha mbele cha gari la watu. Lo! Ungesikia kelele zake. Hakuna aliyesema kwamba ni kanuni ndiyo iliyoiangusha ile nazi. Nami nilijua, nikafunga mdomo.

Mkutano ukaitishwa. Wewe ulikuwa chuoni Mombasa. Mwenyekiti, yule bwana mstaafu wa benki, akauliza kwa adabu kabisa, "Hii minazi ni ya nani? Kuna mtu anayeidai?" Mama mmoja akadakia, "Ni ya wale watu wa kijijini. Sijui nani aliwaruhusu." Watu wa kijijini. Nilikuwa nimekaa mbele, kalamu mkononi, nimevaa ile suti yangu ya kijivu. Mwenyekiti akanigeukia: "Katibu, wewe ni mwenyeji wa hapa. Ina mwenyewe?"

Nikasema, "Haina mwenyewe."

Maneno mawili, Mwanatumu. Ulimi hauna mfupa. Kisha wakapiga kura ikatwe, na mimi nikanyoosha mkono pamoja nao, na nikaandika kumbukumbu za mkutano kwa ule mwandiko wangu mzuri unaousifu. Ikakatwa kumi na miwili. Mitatu ya nyuma ya jiko letu ilisalia kwa kuwa lori halikuweza kupenya pale kwenye uchochoro wa ukutani.

Uliporudi likizo ukauliza minazi imekwenda wapi, nikakujibu, "Kamati imekata." Nilisema kana kwamba kamati ni mvua.

Mjomba wako hakuwa ameambiwa. Alikuja siku yake, na mkwezi wake, na gunia zake tupu begani. Mzee Nyawa, yule askari wetu wa geti, Mduruma wa Taru, alimfungulia huku ameinamisha kichwa. Mimi nilikuwa natoka dukani. Nikamkuta kaka yangu amesimama mbele ya ubao wa matangazo, anasoma polepole, anafuata mistari kwa kidole. Nilikuwa nimezibandika zile kumbukumbu mwenyewe, na pini nne, moja kila pembe. Akasoma kwa sauti: "Katibu alifahamisha mkutano kwamba minazi haina mwenyewe." Akageuka. "Saumu, katibu ni nani?"

"Ni mimi, kaka."

Akanitazama sana. "Kumbe nilikufa lini," akasema, "na mbona sikuambiwa?"

Hakupaza sauti. Angenipiga kofi ningelipokea kwa mikono miwili. Alimpa mkwezi nauli yake, akamuaga Mzee Nyawa, akatoka. Tangu siku hiyo hajatia mguu nyumbani kwetu. Wewe ukaniuliza mara ngapi, "Mbona mjomba haji?" Nikakwambia yuko Kibuyuni kwa wakeze, wanalima mwani, kazi ya mwani haina likizo. Siku ya mahafali yako ulilia kwa kuwa kiti chake kilikuwa kitupu, nikakudanganya kwamba alikosa gari. Hapo ndipo pa kunikasirikia. Mahali pengine popote nitajitetea, hapo sina la kusema.

Bado lipo moja, na hili ndilo limenikalisha hapa tangu Adhuhuri.

Ulipotimiza siku arubaini, mjomba wako alikubeba akakupeleka mpaka kwenye ile mitatu ya nyuma, ambayo wakati ule ndiyo kwanza inaanza kuzaa. Babu yako alikuwepo, na imamu wa msikiti wetu alikuwepo. Akasema, "Hii mitatu nampa mpwa wangu, hiba, nikiwa hai na akili yangu timamu." Wazee wetu zamani walikuwa wakirithiwa na wapwa zao. Siku hizi mirathi tunaigawa kwa sharia ya dini, na ndiyo haki, lakini mtu akiwa hai humpa amtakaye. Alikupa wewe. Nazi zote ulizokula tangu unyonyeshwe, mafuta ya nywele zako, ada ya shule pale mbata, zile nazi kavu, zilipouzwa, ni vya minazi yako mwenyewe. Alitaka akwambie yeye siku utakapoolewa au utakapopata kazi, lipi litangulie, nami nikala kiapo kunyamaza. Niliposema haina mwenyewe sikumuua kaka yangu peke yake. Nilikuwa na binti mmoja duniani, na nikamfuta mbele ya watu ili nisiitwe mtu wa kijijini.

Sasa kamati, ambayo ukatibu wake nimeshauacha, inataka maegesho zaidi, na uchochoro wameshaupanua. Barua ililetwa mwezi uliopita, fupi, haina hata salamu: minazi mitatu itaondolewa. Nilipoisoma, nikatoka nyumbani siku hiyo hiyo. Unakumbuka nilikwambia nakwenda Kibuyuni kununua samaki? Nilirudi bila samaki hata mmoja, na wewe ukanicheka.

Nilimkuta mjomba wako uani, anafunga vipande vya mwani kwenye kamba pamoja na wifi yangu. Nikasema shikamoo. Akasema marahaba, akaendelea kufunga. Nikalia, nikaomba radhi, nikasema yote. Aliniacha nimalize, ndipo akasema, "Mimi nimekusamehe zamani, Saumu. Mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe. Lakini neno lile hukuniambia mimi. Uliwaambia wao. Nenda kawaambie wao."

"Njoo nami, kaka, tuwaambie pamoja."

"Thubutu! Niende nikaombe changu kwa watu? Wewe ndiwe uliyefunga, fungua wewe."

Basi nimefungua. Kanuni zile zile nilizoandika mimi zinasema mti wa mahali pa pamoja haukatwi ila kwa mkutano wa wakaazi wote, na wakaazi kumi wakitia sahihi, mkutano ni lazima. Kamati ilitaka kupita kimya kimya. Wamemsahau aliyeziandika! Nikavaa leso zangu, siyo suti, nikapita mlango kwa mlango napiga hodi. Miaka kumi na miwili humu ndani, na nyumba nyingi ilikuwa hodi yangu ya kwanza. Mama wa nambari tisa, aliyeokoa roho yako, kumbe anaitwa Rosa. Sikuwa nimewahi kumuuliza. Yule Mzungu wa ishirini akataka nimhakikishie nazi haitaanguka. Nikamwambia itaanguka, ndiyo kazi yake, mwite mkwezi kwa wakati na gari uegeshe kwingine. Akacheka akatia sahihi. Yule kijana wa nambari nne mwenye nywele za kusokota akasema, "Mathee, mimi niko na wewe, leta hiyo karatasi." Na mama mmoja alinifungia mlango. "Kanuni ni kanuni, Bi Saumu," alisema, "wewe ndiwe uliyetufundisha." Hilo liliniingia, kwa sababu ni kweli.

Nilipata sahihi kumi na moja. Mwenyekiti akaupanga mkutano kesho saa tatu, na alijua unasafiri, maana nilimwomba usogezwe mpaka saa nane. Alikataa kwa tabasamu. Alidhani nitachagua stendi. Na wewe ulidhani nitachagua stendi. Mimi mwenyewe, wallahi, juzi nilikuwa nimechagua stendi, mpaka uliposema "mitatu tu" nikaona kwamba hujui unachokisamehe, na ni mimi niliyekuficha.

Usiniambie tena niuze nyumba nihamie Msambweni. Sihami ng'o. Wanaotaka niondoke na wanaonihurumia wote nawaambia hivyo hivyo. Kisima chao ni changu, geti lao ni langu, na ile kazi nzuri ya chama nitaifanya mpaka mikono ichoke. Ila sitaishi tena humu kama mgeni wa hoteli niliyoisafisha mimi mwenyewe.

Juzi ulinionyesha kwenye simu kanuni za jengo unalohamia Kitengela. Kurasa tisa. Ulikuwa unacheka ile ya kutoanika nguo kwenye roshani na ile ya wageni kuondoka saa tatu usiku, kisha ukabonyeza "nakubali" hata hujafika ukurasa wa tatu. Nilitaka kukunyang'anya ile simu. Zisome, Mwanatumu. Nyingine zitakufaa siku pumu ikikupanda na hujui mtu. Nenda kwenye mikutano yao hata kama inachosha, maana wasiokwenda ndio huamuliwa. Jua majina ya watu wa kulia na kushoto kwako. Na siku watakayokuuliza jambo la kwenu, mtu wa kwenu, jibu ukweli wake hata sauti ikitetemeka. Mimi yangu haikutetemeka hata kidogo siku ile, na ndiyo inayoniudhi.

Kesho asubuhi nitakuamsha, tutakunywa chai, nitakukumbatia hapa mlangoni, kisha utapanda tuktuk peke yako. Barua hii nimeiweka juu ya mto wako. Ukifika stendi tazama upande wa maduka ya mahamri. Atakuwepo mzee mmoja amevaa kikoi na kofia, ametoka Kibuyuni alfajiri. Nilimpigia simu jana baada ya neno lako. Alisema kwenye mkutano haji, lakini mpwa wake hasafiri bila mtu wa kumsindikiza. Miaka sita hamjaonana kwa sababu yangu. Mwamkie, umwombe akwambie mwenyewe habari za siku arubaini, ujifanye hujui, maana nimevunja kiapo chake na nisingependa agombane nami tena kabla hatujapatana vizuri. Na ukimsikiliza, kisha ukaona bado unataka ikatwe, ni mali yako: nipigie simu kabla ya saa tatu, nami nitafikisha neno lako vile vile.

Usiponipigia, nitasimama. Mwenyekiti atauliza kama minazi ina mwenyewe, nami nitawaambia kwanza kwamba niliwadanganya, kisha nitalitaja jina lako lote, la ubini na la ukoo, polepole, na nitamsubiri katibu mpya amalize kuandika. Kura wanaweza kunishinda. Wana watu, na maegesho yanatakikana. Lakini wakikata, watakata mali ya Mwanatumu, na ubao wa geti utasema hivyo, na pini nne nitazitia mimi.

Mamako,
Saumu